Mama Chai Aingia Siasa: Kisa cha Mchora Vibonzo wa Nakuru

Kisa hiki kilitokea Nakuru mwaka 2021 na 2022. Nilikijua kwa kuitwa kupatanisha, wakati watu waliokuwa wakila sahani moja walikuwa tayari wanapishana Kenyatta Avenue bila salamu. Wote wameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba nisiwataje. Basi hakuna jina la mtu, la studio, la shirika wala la mgombea. Mhusika wa kibonzo nimempa jina jingine na kazi nyingine, na pesa nimezikata zikawa namba za kukumbukika. Mfuatano wa mambo sikuugusa.

## Mandhari

Nakuru inakumbuka Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi. Waliokuwepo wanajua mitaa iliyohamwa usiku, na wanajua jinsi uwanja wa maonyesho ya kilimo ulivyogeuka kambi. Tangu hapo, uchaguzi ukikaribia, pesa za amani hufika mjini: semina, mechi za kandanda, michezo ya jukwaani, fulana. Mwaka 2021 shirika moja lisilo la serikali lilitenga fungu kwa ajili ya kijitabu cha vibonzo. Yalipangwa matoleo sita, kurasa 16 kila toleo, moja kila baada ya miezi miwili kuanzia Septemba 2021 hadi Julai 2022. Kingegawiwa bure kwenye steji za matatu, shuleni na kwa machifu, la mwisho likiwa mikononi mwa watu kabla ya kura ya 9 Agosti.

Vibonzo vya bure si jambo geni Kenya. Shujaaz lilipoanza mwaka 2010 liliwafikia wasomaji bure ndani ya Daily Nation, na vijana ninaowafundisha kuchora Jumamosi walianza kwa kunakili kurasa zake. Ila kinachomjia msomaji bure kina mtu wa kukilipia, na hapo ndipo kisa hiki kina mizizi. Muuza nyanya wa soko la Wakulima anajua kreti ni pesa ngapi kabla jua halijachomoza, kwa sababu jirani yake anauza vilevile na mnunuzi anazunguka. Mchora vibonzo wa Nakuru hana jirani wala mnunuzi anayezunguka. Ana gazeti, lililoko Nairobi, au mfadhili, anayekuja na kuondoka. Bei ya ukurasa huambiwa na yule anayeilipa.

## Waliohusika

Mkurugenzi ndiye mwenye studio: chumba kimoja ghorofani, kompyuta mbili, kiti kimoja kizuri. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mcheshi, mwenye kujua watu. Ndiye aliyeleta kazi, na bila yeye hakungekuwa na kazi. Mwandishi ni dada aliyetunga hadithi na maneno ya kwenye maputo. Mchoraji alikuwa na miaka 24, mpangaji wa Kaptembwa. Yeye alipiga penseli na kutia wino. Kulikuwa pia na kijana wa kupaka rangi, mwanafunzi wa chuo, ambaye nitamrudia.

Halafu kuna Mama Chai. Ni mama wa makamo anayeuza chai kwenye steji, leso imefungwa kiunoni kwa fundo kubwa, mwanya kwenye meno ya mbele, na birika ambalo kifuniko chake kimevunjika pembe ya kushoto. Anasikia ugomvi wa kila abiria na kuukatiza kwa kikombe. Msemo wake, uliofunga kila toleo, ni huu: «Kikombe hakiulizi kabila.» Watoto wa shule waliukariri. Makanga waliutumia kumkejeli abiria anayechagua kiti.

Mchoraji hakumbuni Mama Chai kwa ajili ya mradi. Alimchora kwanza mwaka 2018 kwenye daftari la shule lenye mistari, akampiga picha kwa simu na kumweka Facebook, mara saba au nane, bila maneno. Mkurugenzi alimwona huko na kusema, «Huyu ndiye tunayemtaka.» Tulipoketi kupatanisha, daftari hilo lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi lake. Kifuniko cha birika kilikuwa kimevunjika pembe ileile.

## Ilivyokwenda

Makubaliano yalikuwa ujumbe wa WhatsApp. Nimeuona. Mkurugenzi aliandika: «1,500 kwa ukurasa. Nusu kabla, nusu baada ya kuchapwa. Sawa?» Mchoraji akajibu kwa kidole gumba. Huo ndio mkataba mzima, na kidole gumba ndicho sahihi.

Kwa hesabu hiyo toleo moja lilikuwa shilingi 24,000. Ukurasa ulimchukua siku moja na nusu, kwa hiyo kurasa 16 zilikula siku 24. Shilingi elfu moja kwa siku si mbali na anachopata fundi wa mawe siku ambazo kazi ipo, tofauti ni kwamba fundi hulipwa jioni ileile. Matoleo manne ya kwanza yalilipwa yote, ingawa nusu ya pili ilichelewa wiki tatu, nne, mara moja sita.

Jambo moja lilipita bila mtu kuliangalia. Kila toleo likiisha, Mkurugenzi aliomba faili zilizo wazi, zile zenye tabaka zote zikiwa bado hazijaunganishwa, «ili tukirekebisha tusikusumbue». Mchoraji alizituma. Mwenye faili ya namna hiyo anaweza kumtoa Mama Chai kwenye steji, amgeuze uso, ambadilishe rangi ya leso, ampe maneno mengine, na asimpigie mchoraji simu.

Mei 2022 toleo la tano lilitoka. Nusu ya pili, shilingi 12,000, haikuja. Toleo la sita Mchoraji alilichora lote bila malipo ya awali, kwa kuambiwa pesa ya mfadhili iko njiani. Katikati ya Juni alikuwa anadai 36,000.

Siku moja ya Juni alikuwa akishuka matatu mjini asubuhi. Makanga anayemfahamu alimgonga begani.

«Buda, Mama Chai wako ameingia siasa?»

Akadhani ni utani. Makanga akamwonyesha ukuta wa pili. Palikuwa na mabango sita yamebandikwa kwa safu, gundi ya unga bado mbichi. Katikati alikuwa Mama Chai, birika juu kama kombe la ushindi, leso imepakwa rangi za muungano mmoja wa kisiasa. Kando yake picha ya mgombea akitabasamu. Chini, kwa herufi zilezile za kijitabu: «Kikombe chetu, zamu yetu.»

Mchoraji anasema hakuangalia maneno kwanza. Aliangalia kifuniko cha birika.

Alimpigia Mkurugenzi mara nne. Hakupokelewa. Saa nne asubuhi akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wasanii wa Nakuru: mmeiba kazi yangu, mmeiuza kwa mwanasiasa, na bado mna deni langu. Jibu la Mkurugenzi lilikuja baada ya dakika kumi na moja. Nalinukuu lote, kwa sababu kisa kizima kimo humo: «Kaka, sema tu ukweli. Ungekuwa ni mgombea wenu ungelia hivi?»

Neno ni «wenu». Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia kurasa. Watu waliangalia jina la ukoo la Mchoraji, wakaangalia jina la Mkurugenzi, wakachagua upande. Wawili walijiondoa kwenye kundi. Mmoja alibandika bendera. Kijana mmoja aliyeuliza, «Lakini alilipwa?» alijibiwa kwamba wakati huu si wa kugawanya watu. Kufika saa saba mchana deni la shilingi 36,000 lilikuwa limegeuka suala la nani anampenda nani kwa urais.

Jioni Mchoraji akaweka picha ya bango Facebook, akamtaja mgombea kwa jina. Ilisambazwa sana, karibu yote na watu wa mgombea mpinzani. Siku mbili baadaye wakala wa mpinzani akampigia. Alijua kila kitu, alisikitika sana, na alikuwa na ombi: amchore Mama Chai akimmwagia chai yule mgombea wa kwanza. Shilingi 30,000, nusu papo hapo.

Akachora.

Wiki ya kwanza ya Julai shirika lilisimamisha mradi kwa barua pepe ya aya tatu. Mhusika wa amani sasa alikuwa kwenye mabango ya pande mbili, na mkataba wa shirika na studio ulikataza kazi hiyo kutumika kwa siasa za vyama. Toleo la sita halikuchapwa. Nusu ya pili kutoka kwa wakala wa mpinzani nayo haikuja, na simu yake ikawa haipatikani hadi leo.

## Maamuzi na sababu zake

Mkurugenzi kwanza, kwa kuwa watu wengi walioniuliza kuhusu kisa hiki wanataka awe mwizi tu. Alinieleza kwamba mgombea ni binamu yake, kwamba alimpa faili kama mchango wa harambee, na kwamba hakupokea pesa. Alionyesha risiti ya mchapaji iliyolipwa na timu ya kampeni. Namwamini nusu. Ninachoamini kabisa ni kwamba hakuona kosa. Kwake Mama Chai alikuwa mali ya studio kama viti na kompyuta. Aliagiza, akalipa, akahifadhi faili. Aliponiambia, «Mwalimu, mwenye duka haombi ruhusa ya kutoa mfuko wa unga wake,» alikuwa anasema anachokiamini.

Mwandishi alikaa kimya tangu bango hadi Oktoba. Ukimya wake ulikuwa na historia. Januari 2022 Mkurugenzi alimtumia bajeti ili asahihishe Kiswahili cha ripoti, akasahau kufuta ukurasa wa mwisho. Mwandishi aliona mstari wa uchoraji: shilingi 6,000 kwa ukurasa. Alimjua Mchoraji analipwa 1,500. Hakusema. Nilipomuuliza kwa nini, hakutafuta kisingizio. Mkurugenzi ndiye aliyempa kazi ya kwanza ya maisha yake, wanatoka kijiji kimoja, na mwaka huo nyumbani kwao kumuuliza mtu wenu hesabu kulikuwa sawa na kumpigia kura adui. «Ningesema, mama yangu angeulizwa kanisani,» alisema.

Mchoraji alifanya maamuzi mawili, na yanastahili kuangaliwa mbalimbali. Uamuzi wa kuweka bango Facebook ninauelewa. Alikuwa amepiga simu nne, ameandika kwenye kundi, amejibiwa kabila. Lakini alimtaja mgombea, na hakutaja deni. Chapisho lake lilisomeka kama kampeni kwa sababu liliandikwa kama kampeni. Kama angeweka picha mbili tu, ile ya 2018 ya kwenye daftari na ile ya ukutani, kifuniko kwa kifuniko, wakala wa mpinzani asingekuwa na cha kusambaza.

Uamuzi wa pili, kuchukua 15,000, ndio uliomvua nguo. Kodi ilikuwa imefika miezi miwili, na mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha kufuli mara moja. Hayo aliniambia akiangalia meza. Sitamhukumu mtu mwenye kufuli lililobadilishwa. Lakini tangu siku ile hakuweza tena kusema kwamba Mama Chai alipotoshwa, kwa sababu aliyempotosha mara ya pili alikuwa yeye, kwa mkono wake.

Shirika lilifanya lililo rahisi kwake. Lilikuwa na mkataba uliovunjwa na lingeweza kumtaka Mkurugenzi ayaondoe mabango, alipe wasanii, kisha mradi uendelee. Lilifunga faili. Ukitazama kalenda ya mashirika, mwezi mmoja kabla ya kura ni wakati ambao hakuna anayetaka jina lake liwe karibu na bango lolote. Gharama ya uamuzi huo iliwaangukia wasiosaini chochote.

## Upatanisho na matokeo

Tulikutana Oktoba 2022, katika hoteli ndogo ambayo sote tungeweza kulipia chai yetu wenyewe. Nilialika rafiki wakili aliyekubali kuja bila malipo. Niliweka kanuni moja: saa nzima ya kwanza hakuna kutaja mgombea, chama wala rais. Kila mmoja alete karatasi. Anayetaja siasa analipia chapati za wote. Mkurugenzi alilipia mbili, na kicheko cha hapo kilisaidia kuliko hotuba yangu.

Bajeti ikawekwa mezani na Mwandishi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Tulifanya hesabu kwa sauti. Mstari wa uchoraji ulikuwa 96,000 kwa toleo. Mchoraji 24,000, rangi 8,000. Zinabaki 64,000. Mchoraji alisimama hapo, akitaka kuondoka. Nikamwomba aketi tumalize. Kodi ya studio, umeme na intaneti kwa miezi miwili ni 46,000. Bajeti ilikuwa na mstari mwingine wa gharama za ofisi, 20,000, kwa hiyo 26,000 zilitoka kwenye uchoraji. Zinabaki 38,000. Kwa hizo Mkurugenzi aliweka herufi kwenye maputo, akapanga kurasa, akahariri, akapeleka kwa mchapaji, akakimbizana na shirika. Kazi halisi, ila si kazi ya siku 24.

Tofauti kati ya 38,000 na 24,000 ni kitu ambacho watu wawili wanaweza kubishana wakakubaliana. Mchoraji alikuja akiamini ameibiwa 4,500 kila ukurasa. Mkurugenzi alikuja akiamini anashtakiwa kwa kutoka kabila fulani. Hesabu iliwatoa wote wawili walikokuwa.

Tulikubaliana kwa maandishi, tukasaini, wakili akashuhudia. Studio ilipe 36,000 kwa awamu tatu za M-Pesa, na 10,000 za Mwandishi kwa hadithi ya toleo la sita. Studio ikiri kwamba Mama Chai ni wa Mchoraji tangu 2018. Matoleo matano yaliyochapwa yabaki kama yalivyo, majina ya Mwandishi na Mchoraji yakiwekwa kwenye nakala za kidijitali, ambako hayakuwepo. Faili za tabaka zifutwe kwenye kompyuta za studio mbele ya shahidi. Nilikuwa shahidi, lilikuwa jambo la dakika sita.

Awamu mbili zililipwa. Ya tatu ililipwa kwa skrini kuukuu ya kuchorea yenye mkwaruzo, ambayo Mchoraji aliikubali. Mgombea hakulipa kitu wala hakujibu barua. Kama alishinda au alishindwa sitasema, maana mngemtambua. Mchoraji alimsajili Mama Chai kwenye sajili ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hajamchora tena.

## Uchambuzi

Tuanze na sheria, kwa sababu wasanii wengi ninaokutana nao wanaijua kinyume. Wanadhani aliyechora ndiye mwenye mali mpaka auze. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawe na makubaliano yanayozuia au kupunguza jambo hilo. Kwa hiyo kimya hakimlindi mchoraji. Kidole gumba cha WhatsApp kilitosha kuzipeleka kurasa 96 za Mchoraji upande wa pili. Mkurugenzi na mfuko wake wa unga, kuhusu kurasa zile, hakuwa amekosea sana, ingawa mwenye unga wa mwisho kwa mkataba wao alikuwa shirika.

Lakini Mama Chai mwenyewe hakuagizwa. Alikuwepo miaka mitatu kabla ya mradi. Kumhamisha kulihitaji maandishi yenye sahihi, kwa kifungu cha 33, na maandishi hayo hayakuwepo. Ukosefu wa mkataba uliomponza kwenye kurasa ndio uliomwokoa kwenye mhusika. Mchoraji alipenda kutukumbusha habari za Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman wakamwachia mchapishaji wao kwa dola 130 mwaka 1938, na wakangoja hadi 1975, baada ya wachoraji wenzao kupiga kelele, ndipo wakapewa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurudishwa. Wakili alimsikiliza kisha akamwambia: wale walisaini, wewe shukuru kwamba Mkurugenzi wako hakuwa na printa.

Kifungu cha 32 nacho kinampa mtunzi haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata hakimiliki ikiwa imeshahama. «Kikombe hakiulizi kabila» kugeuzwa «zamu yetu» ni mfano ambao ningeuweka darasani. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu hadi siku ya zile 15,000.

Kwa nini hatukwenda mahakamani? Deni la 36,000 lingeweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Ni njia nzuri kwa mchoraji anayedai kurasa. Suala la nani anammiliki Mama Chai lisingesikilizwa hapo. Kesi mbili, nauli mara mbili, na watu ambao bado wangehitaji kazi ya mwenzao katika mji mmoja. Mchoraji alichagua meza, na nadhani alichagua vizuri.

Sasa siasa. Siamini kwamba ugomvi huu ulikuwa wa kisiasa. Siasa ilikuwa pazia, na kila mtu alikuwa na sababu ya kulivuta. Mkurugenzi alilivuta ili asiulizwe hesabu. Mwandishi alijificha nyuma yake. Shirika lilitumia pazia hilohilo kutoka mlango wa nyuma. Mchoraji mwenyewe, alipoona kwamba hasira ya chama inasambaa kuliko hasira ya deni, alilishika upande wake akavuta. Angalia mfuatano: nusu ya pili ilianza kuchelewa Septemba 2021, wakati hakuna bango hata moja mjini. Kila mtu aliliona hilo kwenye M-Pesa, na hakuna aliyelitaja, kwa kuwa wakati ule kulitaja kungekuwa kudai pesa tu, jambo la aibu kidogo kati ya marafiki. Likageuka la ushujaa lilipopata rangi za chama.

Simaanishi kwamba siasa kwa mchora katuni ni pazia siku zote. Desemba 2024 Gideon Kibet, anayejulikana mtandaoni kama Kibet Bull kwa michoro yake ya vivuli, alitekwa, na akaachiliwa Januari 2025. Hiyo ni hatari ya kweli, inayomfuata mtu kwa alichokichora. Mchoraji wetu hakufuatwa kwa alichochora. Alitakiwa anyamaze kuhusu alichodai, na kuyachanganya mambo hayo mawili kunawafaa wadeni wengi.

Kilichofaa katika upatanisho ni karatasi. Maneno yangu yalifaa kidogo tu. Bajeti iliyofichwa ilipowekwa mezani ilifanya kazi ambayo miezi minne ya WhatsApp haikuifanya, na nina hakika kwamba kama ingewekwa mezani Septemba 2021, Mchoraji angekubali hata 2,500 na wangefanya kazi hadi leo. Mkurugenzi aliniambia hivyo pia, baadaye, kwa simu. Alisema aliificha kwa kuwa aliyemfundisha kazi naye aliificha.

Kilichoshindikana ni changu. Tulishughulika na penseli, wino, maneno na herufi. Wiki mbili baada ya kusaini nikapata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: «Mwalimu, na rangi?» Alikuwa kijana wa kupaka rangi. Alidai 8,000 za toleo la tano. Hakuwa kwenye kundi la WhatsApp la wasanii, hakuna aliyemwalika hotelini, na mimi niliyetaja 8,000 zake kwa sauti katika hesabu sikuuliza kama alizipata. Makubaliano yalikuwa yameshasainiwa na yanasema wazi kwamba hakuna deni jingine kati ya studio na mradi. Mchoraji alimpa 3,000 kutoka awamu yake ya pili. Mkurugenzi alisema atamtafuta. Nilimpa namba yake mwaka huo, nikampa tena mwaka uliofuata.